Linux ipi inatumiwa zaidi? Uvira haimo katika hesabu

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta usiolipiwa, na kila mtu anaruhusiwa kuunakili. Haina risiti, kwa hiyo hakuna ajuaye nani anayo. Ndiyo maana mabishano hayaishi: ni Ubuntu, Debian, Mint au MX?

Wengi hukimbilia orodha ya DistroWatch, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Orodha hiyo haihesabu kompyuta hata moja. Inahesabu watu wanaofungua ukurasa unaoeleza kila aina ya Linux, na anwani moja ya intaneti huhesabiwa mara moja kwa siku. MX ilikaa juu kwa miaka. Maana yake watu walitaka kuisoma. Wenye tovuti wenyewe wanakiri kwamba hiyo si hesabu ya watumiaji.

Kwa mji kama Uvira, orodha hiyo ni bure kabisa. Simu nyingi za mtandao mmoja zinaweza kutoka nje kwa anwani moja, hivyo vijana hamsini wa Mulongwe na Kalundu wakaonekana mtu mmoja. Na fundi hapakui mfumo kwa kila mteja, mega ni ghali. Anapakua mara moja, anaweka kwenye fleshi, anaingiza kwenye mashini kumi, umeme ukiwepo.

Lakini DistroWatch ni mchezo tu. Yenye uzito ni hesabu ya Debian, popcon. Mwenye kompyuta akikubali, mashini yake hutuma kila juma orodha ya programu zilizomo. Ni njia ya haki zaidi, maana inaulizwa mashini yenyewe wala hakuna anayelazimishwa. Ila asiyechagua kitu huhesabiwa amekataa, na ripoti husafiri kwa intaneti.

Kasoro iko hapo. Debian imetumia popcon kupanga programu zipi ziingie kwenye diski ya kwanza. Mwenye intaneti nzuri hana shida na diski hiyo. Anayeitegemea ni shule isiyo na intaneti, ambayo ndiyo isiyotuma ripoti.

Mafundi wa Uvira wanaweza kuanza na daftari dukani: mashini gani, Linux gani, mteja alirudi kulalamika au hapana. Shule inayotaka kuchagua mfumo iulize daftari hilo kwanza. Na kwenye mashini zenye intaneti, popcon ikiuliza, fundi amwombe mteja ruhusa ya kujibu ndiyo.