Unakunywa Nini Nyumbani? Mwambie Daktari

Wapo wenzetu wengi wanaokunywa maji ya uwatu kila siku na daktari wao hana habari. Mama akiulizwa kliniki kama ana dawa nyingine anayotumia, hujibu hapana, na wala hadanganyi. Kwake uwatu ni chakula, ameununua sokoni, Darajani au Marikiti, pamoja na iliki na bizari.

Lakini hebu tazama. Mimina maji ya moto juu ya kijiko cha uwatu, uache. Punje zinavimba, maji yanageuka manjano, na ukiyagusa yanateleza. Utelezi ule ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na zikifika tumboni hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ni faida kubwa. Ila mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge au kujidunga insulini, akiongeza na uwatu mwingi, sukari yake inaweza kushuka mpaka akatetemeka na kuzimia. Mjamzito naye asinywe kwa wingi, maana uwatu unaweza kuuchokoza mji wa mimba. Na anayedhurika na karanga ajihadhari: uwatu ni jamii ya kunde.

Habasoda ina tabia yake. Nguvu yake kubwa imo kwenye mafuta, ambayo hayachanganyiki na maji, na sehemu yenye harufu kali huruka na mvuke. Ukiichemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ile harufu inayojaa nyumba nzima ndiyo dawa inayopotea. Iponde, mimina maji ya moto, funika. Iliki na shamari ni vivyo hivyo. Mbegu za mbarika, nawasihi, msizichemshe ili kunywa hata kidogo. Zina sumu inayoua.

Hakuna sababu ya kuona haya kumwambia daktari unachokunywa. Muhimbili, Dar es Salaam, kuna taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Tanzania ina sheria ya tiba hiyo tangu 2002. Nanyi wauguzi na madaktari, ulizeni kwa upole, “Unakunywa nini nyumbani?”, na mkijibiwa msimkaripie mtu, kwani mkimkaripia leo kesho atanyamaza.

Siku yako ya kliniki ikifika, beba mbegu zenyewe kwenye kipakiti. Ziweke mezani kando ya vidonge vyako, useme unatumia kiasi gani na mara ngapi kwa siku.