Amana Iliyomo Katika Madaftari ya Maabara



Hivi karibuni tulikuwa na safari ya Mtumba, mashariki ya Dodoma, ambako mwaka 2019 ulizinduliwa Mji wa Serikali na ambako leo ipo Wizara ya Afya. Katika kurudi tulipita zahanati moja ya kijijini, ambayo jina lake tutalisitiri, kumjulia hali mzee mmoja anayefanya kazi hapo. Nyuma ya jengo tukaona rundo la madaftari makubwa, mengine yamekwisha liwa na mchwa. Tukaokota moja. Ndani mlikuwa na safu za namba, umri, kijiji na tarehe, na mbele ya kila namba maneno machache: vijidudu vya malaria vimeonekana, havikuonekana, mayai ya kichocho yameonekana. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeipenda kazi yake. Tulipouliza yanangoja nini, tukajibiwa kwamba yanangoja kibiriti.

Hatuwalaumu. Zahanati ni ndogo, kabati ni moja, na wagonjwa wale wamekwisha kwenda zao. Lakini twaona yafaa wasomaji wetu, hasa vijana wanaosomea kazi za maabara, wajue kumbukumbu za namna hiyo zimewahi kufanya nini.

Mwaka 1958 Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza habari za uvimbe unaoota katika taya za watoto. Watu wakauliza, je, ni maradhi mapya? Jawabu lilikuwa karibu sana. Katika Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, habari za wagonjwa zilikuwa zimeandikwa na kuwekwa miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1964 madaktari wa Kampala walitangaza waliyoyapata katika kumbukumbu hizo za tangu 1897 hata 1956, na uvimbe ule ulikuwamo tangu siku za Cook. Cook aliandika kwa ajili ya mgonjwa aliyekuwa mbele yake tu. Hakujua kwamba alikuwa akimjibu mtu ambaye hajaliuliza swali lake bado.

Baadaye, tangu mwaka 1972, watoto wapatao 42,000 wa wilaya ya West Nile, huko huko Uganda, walitolewa damu, nayo ikahifadhiwa kwa baridi. Walio wengi hawakuugua. Lakini wachache walipopatwa na uvimbe ule, damu waliyoitoa walipokuwa wazima ilipimwa, ikaonekana kwamba tangu zamani ilikuwa na alama za kirusi cha Epstein-Barr kupita za wenzao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978. Damu ya jana hapana awezaye kurudi kuipima, isipokuwa yule aliyeiweka.

Ama habari ya Ukimwi ni ya ajabu zaidi. Madaktari waliutambua ugonjwa huo mwaka 1981. Lakini katika damu ya mtu mmoja iliyochukuliwa Leopoldville, ndio Kinshasa ya leo, mwaka 1959 kwa shughuli nyingine kabisa, kirusi chake kilikutikana. Kikakutikana tena katika kipande cha tezi cha mwaka 1960, kilichokuwa kimehifadhiwa katika nta mjini humo. Wataalamu walipolinganisha virusi hivyo viwili, katika mwaka 2008, wakakadiria kwamba kirusi kilikuwa kimeingia kwa watu tangu mwanzo wa karne ya 20.

Na hapa kwetu? Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walishikwa na maradhi ya ini kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wapatao 20 walikufa. Je, ilikuwa mara ya kwanza? Nani aliletwa zahanati macho yakiwa ya manjano, mwezi gani, baada ya mavuno gani, kutoka kijiji kipi? Hayo hatutayajua ikiwa tumeyatia moto. Kweli, daftari haliwataji waliofia nyumbani, na mtafiti asiyekumbuka hilo atapotea. Lakini afadhali nusu ya habari kuliko jivu.

Mama mmoja alituuliza kama ni haki siri yake kukaa mikononi mwa watu asiowajua. Swali hilo ni la haki. Yule mtu wa Leopoldville hakuulizwa. Nasi tumewahi kusikia majibu ya binti wa watu yakisimuliwa kisimani kabla yeye mwenyewe hajayapata. Aliyetendewa hivyo safari ya pili hutaja jina la uongo na kijiji cha uongo, na daftari lenyewe likawa na uongo. Mtafiti hahitaji jina. Umri, kijiji, tarehe na majibu vyamtosha, na jina lifungiwe mbali. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayeshika daftari la wagonjwa yampasa aijue kabla hajaijua hadubini.

Tulimweleza mzee wetu hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kumwita mkuu wake, nao wakayachambua madaftari yaliyosalia, wakayapangusa udongo na kuyafungia stoo, na barua ikaandikwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuuliza yapelekwe wapi. Majibu hayajafika bado. Kwa sasa mzee ameomba sanduku la bati, kwa kuwa mchwa hawangoji barua.