Fedha iliyokwisha kuzama isikuamulie safari

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uje na cheti kinachoonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa aliyekaa ofisini, lilikuwa jambo la wiki moja likaisha. Kwa mwenye lori lililokwisha kupakiwa, kila siku ya wiki hiyo ilikuwa na swali lake. Nisubiri? Nirudi? Nishushe hapa hapa kwa bei ya hasara? Au nimsikilize huyu anayeninong'oneza kwamba ipo njia?

Swali hilo huulizwa kila msimu Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, liwe la mahindi, vitunguu au mayai. Nami nadhani wafanyabiashara wengi hupoteza zaidi kwa namna wanavyolijibu kuliko kwa zuio lenyewe.

Katika makampuni makubwa ya ng'ambo, viongozi hufundishwa zoezi la umakini ili wasiyumbishwe na kelele za kazi. Aliyelipa sura yake ya leo ni Jon Kabat-Zinn, aliyeanza mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, akiwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu kwa wiki nane. Mwaka 2007 kampuni ya Google ikaanza kuwafundisha wafanyakazi wake jambo la namna hiyo. Zoezi lenyewe halina maajabu. Unakaa, unaifuata pumzi yako. Akili inakimbilia deni, mtoto anayedaiwa ada, simu ya jana. Unagundua kwamba imekimbia, unairudisha bila kujigombeza. Inakimbia tena, unairudisha tena. Huko kurudisha ndiko zoezi.

Wapo watakaosema hiyo ni dini ya watu. Ni kweli asili yake ni kwa Wabudha, ila Kabat-Zinn aliifundisha hospitalini bila ibada yoyote, na hakuna anayetakiwa kuacha msikiti wala kanisa ili afuate pumzi yake kwa dakika kumi.

Tatizo langu ni jingine. Tukisikia "viongozi wa biashara" tunamfikiria mwenye tai, mwenye katibu wa kumpokelea simu. Mama anayevusha matenga ya nyanya ni mnunuzi, mhasibu, msafirishaji na mlinzi wa mali yake kwa wakati mmoja, na hana wa kumpokelea simu. Huyo ndiye anayeuhitaji umakini kuliko mkurugenzi, kwa sababu akikosea hakuna bodi ya kugawana naye hasara.

Utafiti mmoja unamhusu moja kwa moja. Mwaka 2014 Andrew Hafenbrack, Zoe Kinias na Sigal Barsade walichapisha majaribio kuhusu tabia ya kuendelea kumimina fedha kwenye jambo linalokwenda vibaya kwa sababu tu tumeshalitilia fedha nyingi. Waliokaa dakika 15 wakifuata pumzi zao kabla ya kuamua waliepuka mtego huo zaidi ya wengine. Akili yao ilikuwa imepunguza kuzunguka yaliyopita na yajayo, na hisia mbaya zilikuwa zimepungua. Walikuwa wakijibu mifano ya biashara, hawakuwa na lori juani, kwa hiyo tusiutwike utafiti huo mzigo usio wake. Ila mtego wenyewe kila mtu wa mpakani anaujua.

Tuseme mahindi yako yamekugharimu shilingi milioni 6 za Tanzania hadi kufika mpakani, na yamekwama. Mnunuzi wa upande huu anakupa milioni 4.8 leo. Ukisubiri, utatumia 700,000 zaidi kwa maegesho, vipimo na wakala. Mambo yakinyooka utauza kwa milioni 6.5, ubaki na 5.8. Yakipinda, magunia yakipata unyevu na bei ikishuka, utauza kwa 3.5, ubaki na 2.8. Kama unaona nafasi ni nusu kwa nusu, kusubiri kuna thamani ya milioni 4.3. Uza leo. Kama una uhakika mkubwa kwamba cheti kinatoka kesho, subiri.

Ile milioni 6 haimo popote katika hesabu hiyo. Imeshatumika ukiuza, na imeshatumika ukisubiri. Lakini ndiyo inayopiga kelele kuliko zote kichwani: "Nimetia milioni sita, nitauzaje kwa nne na ushei?" Kwa sauti hiyo watu hukopa ili kuongeza siku. Kwa sauti hiyo pia humfuata kishoka kwenye njia za panya, ambako mzigo wote unaweza kutaifishwa, na pengine ni mzigo usiozidi dola 2,000 ambao ungeweza kupita njia kuu kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa.

Simu nayo ina sehemu yake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba ukiacha kazi moja kabla hujaimaliza ukaingia nyingine, sehemu ya akili yako hubaki kwenye ile ya kwanza. Mbadilisha fedha wa barabarani anakuhesabia noti huku kundi la WhatsApp likikuletea bei mpya ya sokoni, na anajua vizuri kuliko mtafiti yeyote kwamba wakati huo huhesabu. Zima sauti. Hesabu mwenyewe, mara mbili, kabla ya kuondoka pale uliposimama. Kutuma fedha kwa simu ukiwa na hasira nako kunaweza kungoja pumzi kumi.

Hapa nataka nieleweke. Mwenye lori lililolala mpakani siku tano hana haja ya semina ya kupumua. Ana haja ya lori kuachiwa. Sitapenda kuona serikali au wafadhili wakija kutufundisha utulivu huku zuio jingine likitangazwa kwa barua ya siku moja. Soko la Pamoja lilianza Julai 1, 2010, na bado mzigo ulioondoka halali Jumatatu unaweza kukuta sheria nyingine Jumatano. Sharti jipya lisiguse mzigo uliokwisha kuanza safari na karatasi zake zikiwa sawa, isipokuwa umepimwa ukaonekana una sumu. Vyama vya wafanyabiashara vidai hilo Arusha, tena kwa maandishi.

Wakati madai hayo yanasubiri majibu, kuna jambo ambalo halihitaji kibali cha mtu. Kabla ya kupakia, ukiwa nyumbani na akili imetulia, kaa robo saa simu ikiwa mbali. Kisha andika vitu viwili: utasubiri mpakani siku ngapi, na utakubali bei gani ukikwama. Karatasi hiyo ikae pamoja na risiti za mzigo, na dereva awe na nakala yake, kwa sababu atakayekupigia simu saa nane usiku kukuuliza la kufanya ni yeye.