Siku Sitini za Kutafuta Mwajiri

Familia nyingi nchini Kenya zina ndugu anayehudumia wazee Uingereza. Alikwenda kwa viza ya kazi, akiambiwa kwamba baada ya miaka 5 mfululizo ataweza kuomba ukaazi wa kudumu. Uzito wote wa ahadi hiyo umo katika neno "mfululizo."

Viza hiyo imefungamana na mwajiri aliyemdhamini. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya udhamini, mfanyakazi asiye na kosa lolote hupokea barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani inayompa, kwa kawaida, siku 60 za kupata mdhamini mwingine na kuwasilisha ombi jipya, la sivyo aondoke. Viza ikiwa imebakiza muda mfupi zaidi, basi ni huo mfupi.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 imeweka daraja hapo. Anayewasilisha ombi kabla ruhusa yake haijaisha huhesabiwa kuwa yumo nchini kihalali mpaka ajibiwe, hata jibu likichukua miezi. Nalo ombi likikubaliwa, hesabu ya miaka yake haikatiki. Aliyechelewa huweza kusikilizwa ndani ya siku 14 tu, tena kwa sababu nzito iliyo nje ya uwezo wake. Akizipitisha hizo, miaka minne ya kukesha kando ya vitanda vya wagonjwa yaweza kupotea.

Hata hivyo daraja lenyewe ni jembamba. Haruhusiwi kuanza kazi kwa mwajiri mpya kabla viza mpya haijatoka, na wa zamani pengine amekwisha kufunga milango. Tena akisafiri kuja nyumbani ombi lingali mezani, ombi huhesabiwa kuwa limeondolewa. Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi tuliobaki. Mama amefariki, tunampigia mwana simu aje kuzika. Asipokuja, tunasema Ulaya imemgeuza moyo. Katika simu ya dakika chache, tena ya kilio, atatuelezaje kwamba tiketi hiyo ya ndege ingefuta kila alichokijenga? Tunadhani wengi wamehukumiwa makaburini kwa kosa wasilolitenda.

Nayo hali inazidi kuwa ngumu. Tangu Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri wahudumu hao kutoka ng'ambo. Waliomo wameachiwa nafasi ya kubadili mwajiri hadi Julai 2028. Mei 2025 serikali ilipendekeza muda wa kungojea ukaazi uwe miaka 10 badala ya 5, na Novemba ikataja 15 kwa kundi la wahudumu hawa. Kila nchi ina haki ya kupanga uhamiaji wake. Lakini kumweka mtu miaka 15 chini ya hisani ya mwajiri ni kumziba kinywa, kwa maana atakayelalamikia mshahara uliokatwa anajua kinachomngoja. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alikwisha kuonya kwamba uhamiaji wa kutafuta kazi usigeuzwe kuwa fursa ya unyonyaji.

Katika siku hizo 60 ndipo mawakala huja na cheti cha udhamini cha kuuza. Tangu mwisho wa mwaka 2024 mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi gharama ya leseni wala ya cheti hicho, na anayetoa ushauri wa uhamiaji nchini humo sharti awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa. Basi ndugu akitupigia simu akiomba shamba liuzwe ili apate mdhamini, tumwulize kwanza jina la kampuni na tarehe ya mwisho iliyo katika barua yake. Orodha ya waajiri wenye leseni huchapishwa wazi na serikali ya Uingereza mtandaoni, na kijana yeyote wa jumuiya mwenye simu anaweza kulitafuta jina hilo kabla mnunuzi wa shamba hajaitwa.