Mali ya umma ni amana: tuulize gawio, tuulize na matengenezo



Msikiti wetu hapa Zuzu una mashine ya kusaga nafaka, iliyoachwa na wazee ili mapato yake yaendeshe madrasa. Kila mwezi, baada ya swala ya Ijumaa, mimi katibu nilisimama nikasoma hesabu: zimepatikana kiasi fulani, zote zimekwenda madrasa. Jamaa wakaitikia, "Alhamdulillah." Msimu wa mavuno uliopita mashine ikakwama. Tulipofungua daftari tukakuta kwamba kwa miaka mitatu hatukutenga hata shilingi moja ya beringi wala mkanda. Kina mama wakabeba uwele wao kwenda kusaga mbali, na walimu wakakosa posho kwa miezi miwili. Hakuna aliyeiba. Tulikula mtaji tukidhani ni faida.

Jambo hili hunijia kila nipitapo kituo cha kupoza umeme cha TANESCO, kilichopo hapa hapa Zuzu. Shirika lile ni mali ya Watanzania wote, na serikali ni mwangalizi tu. Mwaka 2002 uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni ya NetGroup Solutions ya Afrika Kusini. Makusanyo yakapanda, maana hata taasisi za serikali zilizodaiwa zilikatiwa umeme. Lakini mwaka 2006, mkataba ukielekea ukingoni, ukame ulipunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Kukusanya madeni ni jambo jema, ila hakuzalishi umeme pasipo kuwekeza katika mitambo.

Leo tunalo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Huo ni uwekezaji wa kizazi kizima, nao pia utachakaa usipotunzwa.

Mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea gawio na michango ya zaidi ya Sh trilioni 1 kutoka taasisi na kampuni zilizo chini ya uangalizi wa Msajili wa Hazina. Ni habari ya kushukuriwa. Hata hivyo, mwenye mali mwenye busara huuliza maswali mawili: kimeletwa nini, na kimebakizwa nini kwa ajili ya matengenezo? Shirika linaloweza kutoa gawio kubwa leo kwa kuahirisha ukarabati linatukopesha mali yetu wenyewe.

Kila mwaka ripoti ya CAG huwasilishwa bungeni, hapa hapa Dodoma, na ipo Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma. Tumwulize mbunge wetu maswali hayo mawili. Nasi wazazi tuanzie nyumbani: anayejiunganishia umeme bila kupitia mita, mbele ya macho ya wanawe, anawafundisha kwamba mali ya wote haina mwenyewe.

Kwetu msikitini, fungu la matengenezo sasa ndilo husomwa kwanza, kabla ya madrasa. Wapo walionung'unika. Lakini mashine inasaga.

Wabillahi tawfiq.