Jani la Mstafeli na Miadi ya Hospitali

Hapa Ngagara, nchini Burundi, mtu akishaambiwa na tabibu kuwa ana saratani, habari haikawii kutoka mtaa hata mtaa, na kabla jamaa zake hawajamaliza kuhesabu faranga walizo nazo na wanazopaswa kukopa, nasaha zimekwisha kuwafikia mlangoni: aache sukari, aache nyama, aache maziwa, achemshiwe majani ya mstafeli asubuhi na jioni, anywe maji ya shubiri, na juu ya yote asikubali kukatwa kwa kisu wala kutiwa dawa za mishipani, kwa kuwa maradhi haya yakiguswa na chuma hukasirika yakatapakaa mwilini. Wanaotoa nasaha hizi si watu wabaya. Aghalabu ni shangazi, ni jirani, ni mwenzake wa kanisani au msikitini, watu waliokesha na mgonjwa; na kwa sababu maneno yao yametoka katika huba yanastahili kujibiwa kwa heshima, na kwa sababu yanaweza kuua yanastahili kujibiwa pasipo kificho.

Nami nasema hivi: chakula kina haki kubwa katika habari ya saratani, kabla ya maradhi na wakati wa matibabu, walakini hakina uwezo wa kushika mahali pa matibabu; na amwambiaye mgonjwa aahirishe kutibiwa mpaka aone majani yatafanya nini, amempokonya muda, ambao katika maradhi haya ndio mali ya kwanza.

Tuanze na mstafeli, ambao wengi kwetu huuita korosoli kwa kufuata Kifaransa. Majani yake huanikwa uani juu ya ungo hata yavunjike kwa vidole, kisha huchemshwa katika sufuria iliyofunikwa mpaka maji yawe na rangi ya chai nzito, na mgonjwa hupewa kikombe kabla hajatia kitu kingine kinywani. Husemwa kuwa maji hayo yana nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Asili ya maneno hayo ni majaribio ya maabara, ambamo viini vilivyotolewa katika mmea huo vilitiwa juu ya seli za saratani ndani ya kioo, na seli zikafa. Lakini ndani ya kioo hata chumvi nyingi huua seli. Kazi ngumu, ambayo mstafeli haujaifanya, ni kumponya binadamu mwenye damu, ini na figo bila kumwangamiza pamoja na maradhi yake. Fauka ya hayo, mwaka 1999 matabibu wa kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hula tunda hilo na kunywa maji ya majani yake kwa wingi, waliandika katika jarida la The Lancet juu ya wagonjwa waliopatwa na ugumu wa viungo mfano wa maradhi ya Parkinson, ambao dawa za kawaida hazikuwafaa vyema, wakayahusisha maradhi hayo na mazoea yale. Stafeli moja tamu haimdhuru mtu. Ninaloliogopa ni kikombe cha asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, kwa mtu aliyedhoofika.

Na udhaifu huo mara nyingi huongezwa na miiko. Mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye saratani ya titi, alikatazwa kila kitu chenye ladha, akawa analishwa maji ya kabichi na majani tu, ilhali katika ua ule ule chungu cha maharagwe na samaki mukeke wa kukaanga vilikuwa vikipikwa kwa ajili ya watoto. Siku niliyokwenda kumjulia hali, aliponyoosha mkono kupokea kikombe, bangili ilimteleza kutoka kifundo hata kiwiko. Waliomkataza walikuwa na hoja yao, nayo haikosi chembe ya ilmu: Mjerumani Otto Warburg, katika miaka ya 1920, alionyesha kuwa seli za saratani hutumia sukari kwa pupa kuliko jirani zake. Lakini hukumu waliyoitoa katika habari hiyo imepotoka. Mwili usipopewa chakula hujitengenezea sukari wenyewe kwa kuila misuli yake, hata saratani ikaendelea kupata riziki, na anayekonda ni mwenye nyumba. Mgonjwa aliyekonda kupita kiasi huvumilia upasuaji kwa shida, na mara nyingine matabibu hulazimika kumpunguzia dawa au kuahirisha zamu yake. Mgonjwa wa namna hii anahitaji yai, maharagwe, ndagala, maziwa, ugali, matunda yaliyooshwa vizuri, na uji mzito pale kinywa kinapokuwa na vidonda. Kwa ufupi, vile vile alivyonyimwa.

Wako watakaoniuliza: je, unaidharau miti ambayo wazee wetu waliitumia, umubirizi na umuravumba? Hasha. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walikuwa wakichunguza mmea mdogo wa maua ya waridi wenye asili ya Madagaska, ambao watu wengi huupanda mbele ya nyumba kwa urembo, kwa kuwa ulisifiwa kutibu maradhi ya sukari. Hawakuona faida hiyo, bali waliona chembe nyeupe za damu zikipungua, na katika mmea huo zikapatikana vinblastini na vinkristini, dawa ambazo hadi leo hutiwa katika mishipa ya wagonjwa wa saratani, watoto wakiwamo, na ya pili ni miongoni mwa dawa za uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kwa kuwaona watoto wa Mulago, Kampala. Mti, basi, umo hospitalini. Umeingia kwa mlango wa majaribio, na kipimo chake kwa mtu mzima hakizidi miligramu chache, kwa sababu kikizidi huharibu neva. Burkitt huyo huyo ndiye aliyetumia miaka yake ya baadaye kuwahimiza watu wa Ulaya na Marekani wale vyakula vyenye makapi na nyuzinyuzi kama walavyo wanavijiji wa Afrika, ili kuyakinga matumbo yao. Wala hakupata kuona mgongano kati ya sindano na sahani.

Na hata siki ya jikoni ina kazi yake: muuguzi huipaka ikiwa hafifu kwenye mlango wa kizazi, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe, pakatibiwa kabla hapajawa saratani.

Kwa waliokataa hospitali kabisa na kutegemea tiba mbadala peke yake, ushahidi upo, nao ni mchungu. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 habari za wagonjwa 281 wa Marekani wa namna hiyo, ambao maradhi yao yalikuwa hayajasambaa mwilini, wakawalinganisha na wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida: hatari ya kufa ilikuwa mara 2.5, na kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Hao ni watu wa nchi yenye kila mashine. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya Loliondo, Tanzania, mwaka 2011, wakati mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipogawa kikombe cha dawa ya miti kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, yakiwa na wagonjwa wa saratani, wa sukari na wa ukimwi, wengine wametolewa vitandani hospitalini, wengine wakafia njiani. Sitamshutumu marehemu, aliyefariki mwaka 2021. Bali nakumbuka waliorudi makwao wakaacha dawa.

Walakini insafu yataka tuseme kwa nini watu hukimbilia majani. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wa Miale ya Matumaini, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja ya kutibu kwa mionzi, na Burundi ilikuwa miongoni mwao. Mgonjwa wetu amekuwa akielekezwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Ocean Road, au Kampala, au Bara Hindi, au Kigali, ambako mionzi inapatikana tangu mwaka 2019; na Januari 2024 mpaka wetu na Rwanda ukafungwa. Anayeuza shamba la mirathi ili alipe nauli, na anayeuziwa chupa ya dawa ya majani sokoni kwa Siyoni kwa bei ya kilo ya mchele, hawawezi kulaumiwa sawasawa. Dhima ya kwanza ni ya dola, nayo ni kuileta mashine hapa.

Tena, kama tungetaka kubishana juu ya chakula kwa manufaa, tungeanza na karanga. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo huzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo husababisha saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye homa ya ini ya aina B. Sumu hiyo haimaliziki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Nchini Kenya, mwaka 2004, iliua watu 125 kwa mahindi yaliyooza, na hao ni waliokufa ghafla tu. Nani kati ya wenye kutuhubiria maji ya kabichi amewahi kutuambia tuzichambue karanga, tuzitupe zilizosinyaa na zenye weusi, na tusinunue unga wa karanga ambao hatukuona ukisagwa?

Na matabibu nao wana deni. Katika hospitali zetu chakula cha mgonjwa hupikwa na jamaa zake, wakakichukua katika vyombo vilivyofungwa kwa kitambaa. Ndugu ndio jiko la hospitali, lakini hutumwa nyumbani na karatasi ya dawa bila neno moja juu ya sufuria, na palipo kimya muuza majani huja akajaza. Tabibu na amuulize mgonjwa, kwa upole na pasipo kumkaripia, anakunywa nini nyumbani, kwa maana baadhi ya majani huzuia au huzidisha nguvu ya dawa, na aliyekemewa mara moja ataficha daima. Kisha pamoja na karatasi ya dawa ampe karatasi ya pili, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, iliyoandikwa ale nini akitapika, ale nini akiwa na vidonda vya kinywa, aache majani gani mpaka zamu ya dawa iishe, na chini yake, kwa herufi kubwa, tarehe ya kurudi.