Kalemie: Kuinua gari hakutengenezi barabara

Kila msimu wa mvua unaporudi, kazi moja inaongezeka katika garaji za Kalemie: kuinua pikapu. Mwenye gari anafika na Hilux yake, anaonyesha tumbo la gari lililokwaruzwa na mawe, kisha anaomba fundi aipandishe vidole vine mbele na nyuma. Fundi anaingiza vipande vya chuma juu ya resori za mbele, anaongeza vyuma vya resori nyuma, na jioni gari linatoka limesimama wima. Kesho yake asubuhi linapakia mifuko ya muhogo, ndagala na watu juu yake, na safari ya Nyunzu, Bendera ao Moba inaanza.

Hakuna anayeweza kumlaumu mwenye gari hilo kwa kutaka kupita. Reli iliyofika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, na ambayo ndiyo ilizaa mji huu, haibebi tena mizigo kama zamani. Barabara ya taifa namba 5, inayopaswa kuunganisha Kalemie na Uvira upande wa kaskazini na Lubumbashi upande wa kusini, ina sehemu ambazo mvua moja inatosha kuzigeuza matope. Ndani ya mji wenyewe, ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba na njia za pwani. Mtu anayeishi kwa kusafirisha watu na mizigo hana budi kutafuta dawa.

Lakini dawa ikizidi kipimo inakuwa sumu. Kuinua gari bila kujua kinachotokea chini yake ni kuondoa hatari kwenye tumbo la gari na kuiweka kwenye vichwa vya abiria.

Kwanza, magari hayafanani. Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo mashirika mengi yanaitumia katika jimbo, ina ekseli moja nzima mbele, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kuume. Hilux za tangu mwaka 2004, sawa na Prado, zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea: kila moja lina mikono yake, resori yake na kardani yake fupi. Pikapu nyingine za zamani kidogo, kama Mitsubishi L200 za kabla ya 2006, hazina resori ya kuzunguka mbele. Zina chuma kirefu kinachojipinda chini ya shasi, na fundi anakaza bulo moja tu ili gari lipande.

Tofauti hiyo ndiyo inaamua kila kitu. Kwenye ekseli nzima, kuweka resori ndefu kunainua shasi tu. Ekseli yenyewe na difa yake vinabaki palepale, karibu na jiwe. Kinachoweza kuinua ekseli ni mpira mkubwa zaidi, na hata hapo, mpira ulioongezeka sentimita 5 kwa upana wa duara lake unainua ekseli sentimita 2 na nusu tu. Kwenye magurudumu yanayojitegemea, difa ya mbele imefungwa kwenye shasi, kwa hiyo inapanda pamoja na gari. Hiyo ni faida. Lakini gharama yake ni kwamba kardani fupi zinazotoka kwenye difa kwenda magurudumuni zinainama kuliko zilivyoundwa. Mipira inayozifunika inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Rotile nazo zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa hadi mwisho wake. Rotile ikikatika, gurudumu linalala, na dereva anabaki na usukani usioongoza kitu.

Ndiyo maana mafundi wengi wa magari ya aina hiyo wanasimama kwenye sentimita 5 hivi. Zaidi ya hapo, mtu anapaswa kubadilisha mikono ya juu na kushusha difa kidogo, kazi ya bei kubwa ambayo vipande vya chuma vilivyochongwa pembeni ya barabara haviwezi kuchukua nafasi yake. Kwa gari la chuma cha kujipinda, kukaza bulo ni rahisi mno, na urahisi huo ndio mtego. Chuma hakiongezeki nguvu. Gurudumu linapoteza tu nafasi yake ya kushuka linapoingia shimoni. Amortisa inagonga mwisho wake kila mara, gari linakuwa gumu kama gogo, na mwenye gari anadhani limekuwa imara.

Nyuma kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux nyingi za zamani, zina kifaa kidogo cha freni karibu na ekseli ya nyuma, chenye fimbo inayopima umbali kati ya ekseli na shasi. Gari likibeba mzigo, shasi inashuka, na kifaa kinaruhusu freni za nyuma kufanya kazi kwa nguvu zaidi. Likiwa tupu, kinapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasiteleze. Sasa fundi akiongeza vyuma vya resori na kuinua nyuma bila kurekebisha fimbo ile, kifaa kinadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa watu. Freni za nyuma zinalegea siku ile ile zinapohitajika, kwenye mteremko, likiwa na mzigo.

Na mzigo ndio moyo wa swali hili. Wengi wanaamini kwamba gari lililoinuliwa na kuongezewa vyuma linaweza kubeba zaidi. Si kweli. Pikapu ya aina ya Hilux imeundwa kubeba karibu tani moja, watu wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Watu 10 wa kilo 65 ni kilo 650. Ongeza mifuko 10 ya kilo 50, tayari ni kilo 1.150, na bado bidoni za mafuta, kuku na mabegi hayajahesabiwa. Vyuma vya ziada vinazuia nyuma isionekane imelala. Havigusi shasi, freni, wala mihimili ya magurudumu. Vinaficha kosa tu. Zamani gari lililolala nyuma lilimwonya abiria na polisi. Sasa linaonekana limenyooka, na onyo limepotea.

Halafu kuna uzito wa juu. Gari lililopanda, lenye mifuko juu, na watu juu ya mifuko, linageuka kwa urahisi kwenye kona ao kwenye ukingo wa barabara uliomegwa na maji. Anayeamua gari liinuliwe ni mwenye gari, na anayelipwa ni fundi. Anayeanguka kwanza ni mama aliyekaa juu ya mifuko na mtoto mgongoni, ambaye hakuulizwa lolote. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya watu wa magari mapya, na kwamba bila kuinua gari, mihogo itaoza vijijini na wagonjwa hawatafika hospitali. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini swali si kuinua ao kutoinua. Swali ni kiasi gani, kwa vifaa gani, na baada ya kuangalia nini.

Mara nyingi pikapu inayogonga chini haihitaji kuinuliwa. Inahitaji kurudishwa mahali pake. Resori zilizobeba miaka 15 zimechoka na kushuka. Kuziondoa na kuweka mpya za kipimo cha kiwanda kunarudisha sehemu ya urefu uliopotea, bila kukunja kardani wala rotile. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Kama haitoshi, fundi apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bati la juu, kushoto na kuume, kabla na baada ya kazi, na asipite kiasi ambacho gari linaweza kuvumilia. Kipande cha mbao kati ya ekseli na resori kisikubaliwe kamwe: mbao inapasuka, ekseli inahama. Mabomba ya freni yaangaliwe gurudumu likiwa linaning'inia, yasivutwe. Fimbo ya kifaa cha freni irekebishwe. Paralelisimu ipimwe upya. Pasipo mashine, kamba na mita mikononi mwa fundi makini ni bora kuliko kukisia. Taa za mbele zishushwe, kwani pikapu iliyonyanyua pua usiku inampofusha dereva wa moto anayekuja. Na baada ya siku za kwanza za safari, bulo zote zikazwe tena.

Mafundi wa Kalemie wana ujuzi wa kufanya hayo yote. Wanachokosa ni mteja anayekubali kulipa muda wa kupima. Mwenye gari anayebishana juu ya bei ya nusu siku ya kazi, huku akipakia watu 15, ameshachagua anayetaka kuokoa, na si abiria.

Abiria pia wana haki ya kuuliza, na kuteremka. Polisi wa barabara, wanaosimamisha magari kila siku kwa ajili ya karatasi, wana macho ya kuona mizigo inayopita kipimo na watu waliokaa juu yake. Ukaguzi wa magari ukibaki kikaratasi kinachonunuliwa, bila mtu kuinama kuangalia chini ya gari, hauokoi mtu.

Lakini wa mwisho kuulizwa anapaswa kuwa wa kwanza kujibu. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008, na unalishwa na makato kwenye mafuta na malipo ya barabarani. Kila dereva wa Kalemie anayejaza mafuta halali ameshachangia. Ofisi ya barabara, Office des Routes, ina jukumu la barabara za taifa, na OVD ina jukumu la njia za mji. Mahali pengi hakuhitajiki lami ili pikapu ya kawaida ipite. Kunahitajika mifereji iliyozibuliwa kabla ya mvua, wafanyakazi wa majembe wanaolipwa kila mwezi, na kizuizi cha mvua kinachoheshimiwa na makamioni mazito, hata ya wakubwa. Kamioni moja inayolazimisha kupita saa moja baada ya mvua inachimba shimo ambalo pikapu 50 zitakuja kuinuliwa kwa ajili yake.

Na hapo ndipo mzunguko unajionyesha. Magari yaliyoinuliwa na kuwekewa mipira mikubwa yanachimba mifereji ya matope zaidi katikati ya njia. Magari madogo na moto hayawezi tena kupita, na wenye pikapu wengine wanalazimika kuinua nao. Barabara inashuka, magari yanapanda, na nauli inapanda pamoja nayo.

Mwenye gari apime kabla ya kupandisha, na apunguze mzigo kabla ya kuongeza vyuma. Jimbo na wakuu wa barabara waonyeshe wananchi, kabla ya mvua zijazo, mifereji ipi imezibuliwa na kwa pesa gani.